Kufuatana na Mafundi wa Ruta Kisiwani Pemba

Aendaye Pemba huambiwa habari za karafuu, na arudiye huja na habari za karafuu. Nami sitaziacha, maana harufu yake ilitupokea gatini Mkoani kabla hatujateremka chomboni. Lakini yaliyonishughulisha zaidi katika safari ile, hata nikaona si insafu kuyanyamazia, yalikuwamo ndani ya chumba kimoja kidogo mjini Wete, kilichozibwa madirisha na kupozwa kwa kiyoyozi usiku na mchana, ambamo mafundi wachache walikesha wakifanya kazi ya ustadi mkubwa ambayo watu wa mji ule, waliokuwa wamelala majumbani mwao, hawakuijua, nao walipopambazukiwa waliitumia bila ya mmoja wao kuuliza imefanywa na nani.

Nilifika huko kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa na kulelewa Mombasa kama mimi, akasoma mambo ya umeme na mitandao, na sasa yuko Unguja katika kampuni moja ya mawasiliano, ambako kazi yake ni kufunga na kutunza ruta: mitambo ile ipokeayo taarifa kutoka kila upande, ikasoma anwani ya kila fungu la taarifa, ikatazama katika jedwali lake la njia, kisha ikalipeleka fungu hilo kwa njia iliyo bora. Ruta ya nyumbani sote tunaijua, kisanduku chenye taa ndogo kiwekwacho juu ya kabati la vyombo. Hizi za mpwa wangu ni za daraja nyingine kabisa. Ni masanduku ya chuma mazito, yenye feni na kadi na pawasaplai mbili au zaidi, ambayo hufungwa kwa skrubu ndani ya fremu ndefu ya chuma iitwayo raki, na moja tu kati ya hizo huweza kubeba mazungumzo ya mji mzima. Aliponiambia, "Mjomba, likizo hii usikae barazani, njoo uione kazi inayokuletea habari zako za kila asubuhi," nilifunga mkoba wangu kwa furaha, kwani kwa miaka mingi nimetumia mtandao huu kuandika, kununua na kusalimiana na jamaa, na sikupata kumwona hata siku moja mtu anayeushika kwa mikono yake.

Tulipokuwa Unguja, kabla ya kupanda chombo cha kwenda Pemba, nilimwomba anipeleke Shangani nikalitazame lile jumba la kale la telegrafu lililo ukingoni mwa bahari, ambalo leo ni hoteli. Mwaka 1879 waya uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja na kuendelea Msumbiji hadi Durban, na mwaka 1890 ukatandazwa mwingine wa kuiunganisha Unguja na Mombasa yetu; basi habari ambayo dahari na dahari ilingoja pepo za kaskazi na kusi, ikabebwa na nahodha ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, ikawa yafika kwa muda wa saa. Si mbali na hapo ipo Beit el Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, jumba la kwanza mjini humo kuwashwa taa za umeme. Sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa umekwisha kuanza, lakini uchakavu ukiwa umeutangulia ukarabati kwa miaka mingi. Tulisimama pale kitambo, na mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba katika kazi yake pia mambo huwa hivyo: siku ya kufungua mtambo waheshimiwa huja kukata utepe, na siku ya kusafisha feni haji mtu.

Maneno yale nilikwenda nayo hadi Forodhani, tulikokula urojo jioni. Mombasa tunavyo viazi karai, na ukwaju wetu hauogopi kushindanishwa na wa mji wowote wa pwani, lakini urojo wa Unguja, wenye embe mbichi, bajia, viazi, mishikaki na chenga za muhogo wa kukaanga katika bakuli moja, ni chakula ambacho mtu mwadilifu hukisifu na kunyamaza.

Pemba si Unguja, wala si Mombasa. Kwetu ardhi imelala. Kule ardhi imejaa vilima na mabonde, vilima vimevaa mikarafuu na mabonde yameshika maji ya mpunga, na barabara itokayo Mkoani kupita Chake Chake hadi Wete hupanda na kushuka muda wote bila ya kupumzika. Wazee wa huko husimulia kimbunga cha mwaka 1872, walichosimuliwa na wazee wao, kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuisaza Pemba, ndipo kisiwa hiki kikawa ndicho chenye karafuu nyingi zaidi visiwani hata leo. Tulikuta mavuno yamechanganya. Majamvi yalitandazwa kando ya barabara, karafuu zikianikwa juu yake, madereva wakiyakwepa kwa adabu, na vibarazani wanawake wakizichambua karafuu kutoka katika makonyo huku wakizungumza. Na salamu za watu hawa, Mwenyezi Mungu awadumishie! Mombasa siku hizi vijana hutupiana neno moja wakapishana; kule mtu asiyekujua husimama, akakuuliza hali yako, na ya nyumbani utokako, na ya safari, na ya wagonjwa uliowaacha, akangoja jawabu la kila moja kabla ya kukuambia njia ya unakokwenda.

Mlangoni mwa chumba cha mitambo tulipokewa na mlinzi wake, mzee mwenye kofia ya viua iliyoshonwa kwa ustadi na sauti ya upole. "Karibuni, wanangu. Viatu hapa nje." Nilidhani ni taadhima ya kawaida ya kuingia nyumba ya mtu, lakini mpwa wangu alinifahamisha kuwa vumbi la viatu ni adui wa kwanza wa mitambo, na kwamba katika vyumba vyote anavyovihudumia, hakuna kilicho safi kama hiki cha Wete, kwa kuwa mzee huyu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Tukavua, tukavaa ndala alizotuwekea. Ndani alikuwapo fundi mkuu, mwanamke wa Kipemba aliyesomea Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, ambaye mpwa wangu humwita Dada na mzee humwita mwanangu, naye akimwita mzee Babu. Na kwa jinsi walivyozungumza wote watatu ungedhani ni watu wa ukoo mmoja.

Kazi ilianza baada ya sala ya isha. Ruta ya zamani ilipaswa kutolewa na mpya kufungwa mahali pake, na kazi za namna hii hufanywa usiku, watu wakiwa wameacha kutumia mtandao, ili kukatika kwa mawasiliano kusiwadhuru wengi. Raki nyingi za namna hii duniani zina upana mmoja, inchi 19, uliorithiwa kutoka zama za mitambo ya simu, na kimo chake hugawanywa kwa vipimo vya milimita 44.45, ambavyo raki nzima aghalabu huwa navyo 42. Kwa sababu ya mapatano hayo, sanduku lililoundwa nchi yoyote huingia katika chuma kilichosimamishwa Wete bila ya kukatwa wala kuongezwa. Nilistaajabu kuwa kitu kilichowawezesha watu wengi wasiojuana kufanya kazi pamoja ni jambo dogo kama kukubaliana masafa baina ya matundu ya skrubu.

Kabla ya kugusa chochote kila fundi alivaa kifundoni mwa mkono mkanda uliounganishwa na waya wa ethi, maana mwili wa mwanadamu hubeba umeme tuli asiouhisi mwenyewe, nao waweza kuiua kadi kwa mguso mmoja. Kisha sanduku jipya likapunguzwa uzito: kadi zikachomolewa, pawasaplai zikatolewa, na kila kimoja kikawekwa juu ya mkeka wake maalumu. Hapo mafundi wakaliinua kwa kushika chini, wala si kwa vishikio vya kadi, ambavyo havikuundwa kubeba uzito ule, wakalikalisha juu ya kiegemeo cha chuma kilichokwisha kufungwa katika sehemu ya chini ya raki. Kizito hukaa chini, chepesi hukaa juu, ili raki isielemewe ikaanguka na kumponda mtu. Skrubu zikakazwa kwa zamu, ya kulia chini, ya kushoto juu, hata sanduku likakaa sawasawa. Ndipo Dada akaunganisha waya wa ethi, mnene, wa rangi ya kijani na manjano, kabla ya waya wowote wa umeme; akanieleza kuwa waya huo ndio wa kwanza kufungwa na ndio wa mwisho kufunguliwa, na kwamba katika msimu wa masika, radi zipigapo juu ya minara ya kisiwa, ndio usimamao baina ya mtambo na maangamizi.

Umeme wenyewe ulinipa somo jingine. Mitambo mingi ya mawasiliano haitumii umeme tunaoutumia kwa pasi na jokofu; hutumia volti 48 za mkondo mnyoofu kutoka katika betri, na upande wa chanya ndio unaounganishwa na ardhi, desturi iliyotokana na simu za kale, kwani waundaji wa siku zile walitambua kwamba wakifanya hivyo shaba iliyozikwa huliwa polepole zaidi na kutu. Njia za umeme ni mbili, na kila moja huingia katika pawasaplai yake. Ruta ilipowashwa, feni zikavuma kwa nguvu kisha zikatulia. Dada akaizima njia ya kwanza kwa makusudi, ruta ikaendelea. Akairudisha, akaizima ya pili, ruta ikaendelea. Ni hapo tu alipoandika katika karatasi yake kwamba umeme umekubalika. Umeme uliofungwa mara mbili na usijaribiwe, alisema, ni mmoja tu, na mwenye nyumba hajui ni upi.

Kazi ya faiba ndiyo iliyonishika zaidi. Ndani ya uzi ule wa kioo, mahali papitapo mwanga pana upana wa maikromita 9 tu, yaani sehemu 9 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yatosha kuuziba mlango wote. Kwa hiyo kila ncha ilitazamwa kwa hadubini, ikafutwa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, ikatazamwa tena, ndipo ikachomekwa. Na matundu yasiyotumika yakaachwa yamevaa vifuniko vyake. Mpwa wangu alinikataza kwa ukali ambao sijapata kuuona kwake nisitazame ndani ya ncha ya faiba hata kwa mzaha, kwa sababu mwanga wake hauonekani kwa jicho la mwanadamu, ilhali jicho huumizwa nao. Nyaya hazikupindwa kwa pembe kali, zikalazwa kwa mizunguko mipana, zikafungwa kwa utepe laini, na kila moja ikabandikwa lebo katika ncha zote mbili. Lebo zile ziliandikwa kwa hati nzuri na kwa Kiswahili, zikitaja mahali waya utokako na mahali uendako, ili fundi atakayekuja baada ya miaka kumi, ambaye huenda leo yuko darasa la tano, asipapase gizani.

Usiku ulipokwisha kwenda, ruta mpya ikaanza kusalimiana na ruta jirani. Jambo hili ni la kweli: ruta zilizopangwa kwa utaratibu wa kupashana habari za njia hupelekeana salamu, aghalabu kila baada ya sekunde 10, na jirani anyamazaye kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa hayupo, na njia zote zilizompitia hutafutiwa pengine pa kupita. Katika kompyuta ya Dada mistari ikawa yapanda: jirani wa kwanza amejibu, wa pili amejibu, majedwali ya njia yamepokewa. Mzee mlinzi, ambaye muda wote alikuwa amekaa mlangoni na tasbihi yake, akauliza swali moja tu, swali alilouliza tangu tulipoingia: "Mtakwisha kabla ya alfajiri?" Dada akamjibu, "Inshallah, Babu, kimebaki kidogo."

Sababu ya swali lile niliipata asubuhi nyumbani kwake, alipotualika kifungua kinywa. Mkewe alitutengea mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama uokwao kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo, pamoja na supu ya pweza yenye ndimu na pilipili, na chai ya mchaichai. Na naomba wenzangu wa Mombasa wanisamehe nikisema kwamba mahamri na mbaazi, ambayo ni chakula cha roho yangu, siku ile yalipata mshindani. Tukila, bibi huyo aliiinua simu yake na kuisimamisha juu ya bilauri, na katika kioo chake akatokea binti yao aliyeolewa Maskati, akiwa jikoni kwake, akiwapa shikamoo wazazi wake na kuwauliza kama mvua imenyesha. Katika visiwa hivi hakuna mtaa usio na jamaa Omani, na zamani mama wa namna hii angengoja barua msimu hata msimu. Sasa huzungumza na mwanawe kila siku baada ya sala ya alfajiri, saa ile ambayo kila mmoja yu peke yake na shughuli hazijamwita. Mzee hakutuomba kitu kingine chochote usiku kucha. Aliomba tu kwamba saa ile isiguswe, nayo haikuguswa.

Siku iliyofuata mafundi waliifungua ruta iliyotolewa ili kuona ilichakaaje, na hapo ndipo nilipojifunza maana ya utunzaji. Mtambo wa namna hii huvuta hewa ya baridi upande wa mbele na kuitoa ya moto upande wa nyuma, na mbele ya feni pana chujio. Chujio lile, ijapokuwa husafishwa, lilitolewa limeshika tabaka la vumbi la kijivu, na ndani ya vumbi hilo mlikuwamo nyuzinyuzi za makonyo, na lilinuka karafuu. Kiasi hicho cha kisiwa kilikuwa kimeingia kwa mlango na kwa nyufa, licha ya viatu vyote vilivyovuliwa. Skrubu za nje zilikuwa zimeota kutu nyekundu ya chumvi ya bahari. Katika chumba kingine cha kisiwa hicho, alisimulia Dada, aliwahi kumkuta mjusi kafiri aliyekufa juu ya kadi, amekauka, kwa kuwa mijusi hupenda joto la mitambo na huingia kwa tundu lililopitishia waya na kuachwa wazi. Mwili wa mnyama yule mdogo ulikuwa umegusanisha nyaya mbili zisizopaswa kugusana, na ofisi nyingi zikakaa siku nzima bila mtandao. Ndiyo maana hapa Wete kila tundu la ukutani limezibwa, na kila nafasi tupu ya raki imefunikwa kwa bamba, lisiloruhusu mjusi kuingia wala hewa ya moto kurudi mbele.

Feni huchoka kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ndicho kitu kizungukacho bila kupumzika. Hubadilishwa mtambo ukiwa unafanya kazi, na fundi huwa na dakika chache tu za kutoa ya zamani na kuingiza mpya kabla ruta haijapata joto la kuizima; kwa hiyo feni mpya hutolewa katika boksi lake na kuwekwa mkononi kwanza, ndipo skrubu ya ile ya zamani iguswe. Nakala ya mipangilio ya ruta huhifadhiwa mahali pengine, mbali na ruta yenyewe, na kila badiliko lifanywapo nakala huandikwa upya. Betri ndizo zenye kudai subira zaidi, maana betri za risasi hukaa vizuri kwenye nyuzi 25, na joto likipanda nyuzi 10 juu ya hapo umri wake hukatika takriban nusu; na mtu wa visiwa hivi hahitaji kuambiwa thamani ya betri, kwani ndugu zetu wa Unguja walikaa miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka bara, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Na hapa nifike kwa daftari la mzee. Ukutani kwenye chumba kile pametundikwa kipimajoto cha kawaida, na chini yake, kwa uzi, daftari la shule lenye mistari. Hakuna aliyemwagiza. Tangu alipoajiriwa kulinda mlango, mzee ameandika kila asubuhi na kila jioni joto la chumba, na pembeni neno moja au mawili: umeme umekatika, kiyoyozi kinadondosha maji, mvua kubwa, feni inalia. Daftari likijaa hufungua jingine, nayo yote yamepangwa rafuni. Dada aliniambia kuwa ni kwa kuyasoma madaftari hayo alipotambua kwamba joto lilikuwa likipanda kidogo kidogo mwezi hata mwezi, kabla ya ala yoyote kupiga kelele, akajua kiyoyozi kinakufa na betri zinapikika. Akaomba kingine, kikaja kwa wakati. Nilikaa na madaftari yale kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na jambo jingine lolote Pemba. Hati yake ni ile ya watu waliofundishwa chuoni kabla ya skuli, herufi zimesimama wima, tarehe za Kiislamu upande mmoja na za Kizungu upande wa pili, na hakuna siku iliyorukwa isipokuwa zile za ugonjwa, ambazo nazo zimeandikwa: sikuweza kuja, aliandika kijana wangu.

Alasiri tuliteremka pwani. Maji ya bamvua yalikuwa yametoka, na mashua zilizokuwa zimepandishwa kwa maji makubwa zilikuwa zimeachwa kavu juu ya mchanga, watu wakizihudumia kwa haraka kabla ya maji kurudi. Wengine walikuwa wakitia kalafati katika nyufa za mbao, wengine wakipaka sifa juu ya bodi, na mmoja, kijana bado, akikandika deheni ya chokaa na shahamu chini ya mkuku ili funza wa baharini asitoboe. Nilimuuliza nahodha hufanya hivyo mara ngapi, akanitazama kwa mshangao, akajibu, "Kila inapostahiki, yakhe." Pwani hii yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, ilijua kwa karne nyingi kwamba kuunda chombo ni nusu ya kazi, na kila mwenye chombo alitenga fedha ya kalafati na sifa katika hesabu ya msimu, kabla ya kugawa faida. Mafundi wa ruta wanafanya jambo lile lile, ila wenye mali yao hawajaitenga fedha hiyo. Mkataba hutaja ruta, raki, betri na siku ya uzinduzi. Chujio, feni ya akiba na ujira wa mtu wa kuandika daftari havimo, au vimo katika kifungu kikatwacho kwanza fedha zipungukapo.

Watu watasema kwamba hatari kubwa ziko baharini, na ni kweli kuwa ziko. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy iliyoanza kazi mwaka 2010 na SEACOM iliyofika kwetu mwaka 2009, ilikatika pamoja baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Meli ilitumwa, magazeti yaliandika, mawaziri walizungumza. Hayo yalistahili. Lakini siku ile pia, katika vyumba vingi vidogo kama hiki cha Wete, ruta zilikuwa zikipokea habari za njia zilizokufa na kutafuta zilizo hai, na ziliweza kufanya hivyo pale tu zilipokuwa na feni zilizozunguka, na betri zisizopikwa, na mtu aliyeziba tundu la ukuta. Meli haiwezi kumsaidia mtu ambaye mtambo wake umezimwa na vumbi.

Basi ombi langu ni kwa wenye kushika fedha za ofisi, skuli, hospitali na serikali za mitaa, Mombasa kwetu na visiwani kwao: fedha ya utunzaji iandikwe katika mkataba ule ule wa ununuzi, kwa miaka yote mtambo utakayotumika, wala isiguswe kwa haja nyingine, na mtu mmoja mwenye jina lake apewe ufunguo, kipimajoto na ujira. Nawe msomaji, kama mahali unapofanya kazi pana raki, pengine iko katika chumba kidogo chini ya ngazi, pamoja na fagio, ndoo na maboksi ya karatasi kuukuu. Kesho mwombe mwenye ufunguo akufungulie. Toeni fagio na maboksi, zibeni tundu mlilopitishia waya, tazameni chujio lilisafishwa lini, na tundikeni daftari.